Vifungo Thelathini na Kimoja kwa Mtoto Mmoja

Chumba cha nyuma,
Mkabala na bafu.

Kwa mkwe wangu mpendwa,
Chumba cha mbele.

Yah: KUFUNGIWA KILA KITU KATIKA NYUMBA YA MWANANGU

Najua tumepishana ukumbini leo ukienda kazini, ukaniamkia vizuri. Naandika kwa sababu maneno ya mdomoni hayana kumbukumbu. Nilikuwa mtunza stoo wa karakana miaka thelathini na miwili, nikishika funguo arobaini, na spana haikupotea hata moja. Leo nashindwa kufungua kabati la vikombe.

Nimezunguka nyumba nikihesabu. Tangu fundi wako aje Jumatatu kuna vifungo vya plastiki thelathini na kimoja, vyote kwa hofu ya mjukuu wangu, jambazi wa miezi tisa mwenye meno mawili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mfuniko wa choo. Eti ubonyeze pande zote mbili huku ukivuta juu. Mkwe wangu, tuheshimiane, lakini mtu wa miaka sabini na mmoja akifika pale hana muda wa mafunzo. Jana nilichelewa. Sitaeleza zaidi.

2. Soketi zimezibwa zote. Redio yangu imenyamaza, na taarifa ya habari naisikilizia dirishani kwa jirani, nimesimama kama mbea.

3. Meno yangu ya bandia umeyapandisha juu ya kabati la nguo, glasi na yote, mtoto asije akaivunja. Sifikii. Siku ya nne leo nakunywa uji.

4. Geti la mlangoni kwangu. Kutoka naruka, kuingia naruka. Na halina kazi, maana mumeo huliacha wazi kila asubuhi, na mjukuu hutambaa mpaka kitandani kwangu. Ni yeye peke yake humu ndani anayekuja kuniona bila kutumwa.

5. Dawa zangu za presha zilifungiwa kabati la juu, kando ya sumu ya panya. Mimi na panya, rafu moja! Nimemwamuru mumeo anitolee. Sasa ziko kwenye kikaratasi chini ya mto wangu, mahali ambapo, kwa uzoefu wangu wa stoo, hakuna mkono unaofika.

Mimi nimelea watoto watano bila kifungo hata kimoja, na wote wako hai. Mmoja alikunywa mafuta ya taa, akatapika, yakaisha. Mumeo alikumbatia pasi ya moto, ndiyo lile kovu unalosema linampendeza. Binti yangu aliingiza msumari kwenye soketi, akarushwa hadi ukutani, na leo ni fundi umeme. Wewe wako atajifunzia wapi?

Kwa taratibu za stoo, hatufungi mali thelathini na moja kwa ajili ya mwizi mmoja. Anafungwa mwizi. Naomba seremala atengeneze kasha moja la mbao, lenye matundu ya hewa (mimi si katili), mjukuu akae humo mpaka aanze shule. Anayemtoa atasaini. Daftari nitalishika mimi. Nisipojibiwa kufikia Jumamosi, nahamia kwa fundi umeme.

Wasalimie wote wa sebuleni, na wa jikoni pia kama mlango utafunguka.

Wako katika kuruka geti,
Baba mkwe, mtunza stoo mstaafu.

Nyongeza: Nilipogeuka nikunje barua hii, mjukuu alikuwa kitandani kwangu, kimya. Yeye hanyamazi. Vidonge vilikuwa kumi na viwili, kwenye kikaratasi nikakuta kumi na kimoja. Cha kumi na mbili nimekichomoa mdomoni mwake kwa kidole. Mimi na mumeo tumemkimbiza zahanati, na muuguzi amesema hajameza kitu. Sasa amelala. Kidonge kina alama za meno mawili, na meno yangu mimi, kama unavyojua, yako juu ya kabati.

Nimeogopa, mwanangu. Usimwite seremala. Vidonge viko mfuko wa shati langu, nimeufunga kishikizo, na mkono nimeuweka juu yake. Ukirudi kazini vichukue, uvirudishe kando ya sumu ya panya, na hilo kabati usinionyeshe tena linavyofunguliwa.