Jinsi Mignonne Alivyourudisha Mwezi Malakiti Kazini

Shusheni sufuria, enyi mama wa Kolwezi, na ninyi baba mnaoishi juu ya shaba msiyoimiliki, zimeni redio mtulie. Maana nasimulia vita ambayo haikumwaga damu bali kikombe kimoja cha chai, na ambayo ndani yake anga zima liliyumba, likainama, likakaribia kuangukia meza yangu ya kulia chakula. Nawe umeme, mwenye kuja upendavyo na kuondoka bila kuaga, kaa nasi walau mpaka mwisho wa habari hii, kwa kuwa siku yenyewe ulitukimbia mapema.

Shujaa wetu ni mzaliwa wangu wa kwanza, Mignonne binti Banza, Mhesabu wa Malori, Mlinzi wa Kalamu kwenye lango la mgodi, ambaye hakuna lori linalopanda kutoka shimoni pasipo yeye kuliandika. Siku sita huandika malori. Jumamosi, akipata mapumziko, huumba ulimwengu. Anao mchezo wa mezani ambamo kila mtu hubeba jina la mtu asiyekuwepo, kete huamua nani apone na nani afe, na mmoja aliyeketi katika kiti kikubwa husimulia nchi nzima kwa mdomo wake. Kiti hicho ni kile cha mume wangu, chenye mguu uliofungwa waya, na kwa miaka miwili aliyekikalia ni Mignonne.

Hakutosheka na mdomo. Alipata programu ya wanajimu, ile ya bure, ambayo ukiiandikia ukubwa wa nyota, umbali wa sayari na muda wa kila mwezi kuizunguka, hukuonyesha anga la huko kana kwamba umesimama uwanjani umeinua kichwa. Humo aliiwasha nyota Mukuba, nyekundu kama shaba inayomiminwa. Akaitundika sayari Diulu mahali ambapo maji hayagandi wala hayachemki. Na kando yake akauzungusha mwezi Malakiti, wa kijani kama jiwe lenye jina hilo. Kalenda ya Diulu aliiandika katika daftari, akiihesabu kwa poste, yaani zamu za kazi, kama wanavyohesabu wote wa mgodini. Na miezi mitatu kabla ya siku ya vita alitangaza mbele ya mashahidi kwamba katika poste ya mia tatu na moja, saa sita ya mchana, Malakiti ataifunika Mukuba, na chini ya kivuli hicho Kanku atatawazwa malkia.

Kanku huyo, muuguzi mwenye mikono imara na ulimi imara zaidi, alikuwa amesuka taji kwa mabaki ya nyaya za fundi umeme. Jumamosi ya kutawazwa alifika akiwa ameshalivaa, akapanda nalo barabara nzima juu ya pikipiki, na waliocheka aliwapungia mkono.

Ndipo akaingia mchezaji mwenzao Séraphin, Mpima wa Mashimo, mwana wa Numbi, amevaa sare ya kazi tayari, maana basi lake lilikuwa lipite saa saba na dakika kumi. Alikuwa amenakili faili ya Mignonne, akaifungua kwake, akaisogeza mbele pambazuko kwa pambazuko hadi siku iliyotajwa. Hakuketi. Aliweka kofia yake ya plastiki mezani kama mfalme awekaye ngao, akanena.

"Dada Mignonne, mi napima mashimo kila siku, na shimo haijanidanganya. Mu anga yako kuko shimo. Siku ya kutawaza, jua inawaka muzuri na mwezi haiko. Kama hauleti ule mwezi mbele ya bus yangu kupita, kiti utaniachia, na meza itahamia kwetu."

"Mi nilisuka hii taji juma muzima," Kanku akasema. "Unataka banitawaze mu jua kali sawa muuzisha mihogo?"

Mignonne akakubali sharti. Hilo ndilo lililonishtua kule jikoni, kwa sababu namjua: hapendi kucheza kamari hata ya karanga. Akafungua kompyuta, iliyokuwa na chaji ya kumi na moja kwa mia na hakuna umeme ukutani, akasema bila kuinua sauti: "Siku yote naandika malori ya batu. Hii dunia njo yangu mi mwenyewe. Haiwezi kutoka hapa sababu ya mwezi moja yenye kichwa nguvu."

Basi vita ikaanza. Aliisogeza Diulu karibu na nyota yake, Mukuba ikajaa angani kama kifuniko cha pipa, na Malakiti hakuonekana. Akairudisha. Akaiinamisha sayari, usiku ukarefuka hata Kanku akauliza kama atatawazwa kwa tochi, na Malakiti hakuonekana. Akaunenepesha mwezi, akausukuma, akauvuta. Mwezi ulikuwa chini kabisa, upande wa pili wa dunia, kama mtu aliyelala. Kiwiko kikagonga kikombe, chai ikafurika juu ya milima ya kaskazini iliyochorwa daftarini. Chaji sita kwa mia. Séraphin alikunja mikono akitazama saa, na nitasema ukweli, hakufurahi. Alionekana kama mtu aliyegundua ufa katika nyumba ya rafiki.

Mimi sijui nyota. Najua kwamba watu watatu hawawezi kugombana vizuri wakiwa na njaa. Nikaingia na bukari, ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi, nikasukuma anga kando kupata nafasi ya sahani.

"Séraphin, unaingia poste gani?"

"Ya pili, mama."

"Basi kula. Banza anatoka ya kwanza na njaa yake, na mi siwezi kupika mara tatu sababu siku iko na poste tatu."

Mkono wa Mignonne ukasimama hewani. "Mama, sema tena."

"Nisema nini? Siku iko na poste tatu. Hata kuku banajua, banasikia king'ora."

Akalivuta daftari lililolowa. Limeandikwa: Malakiti huzunguka kwa poste thelathini. Akatazama kioo cha kompyuta. Kimeandikwa: thelathini. Lakini programu ile haijui poste. Ilitungwa na watu wanaolala kila usiku, nayo huhesabu siku. Maskini Malakiti alikuwa amepewa siku nzima kwa kazi ya poste moja, na kama yeyote aliyepewa hivyo, alivuta miguu.

Mignonne akafuta thelathini. Akaandika kumi. Chaji tatu kwa mia. Akayaendesha mapambazuko mia moja kwa kidole kimoja, yakapita yakimulika kuta za sebule, kisha akapunguza mwendo, na hakuna aliyetafuna.

Malakiti akapanda. Mweusi sasa, maana jua lilikuwa nyuma yake, akaigusa Mukuba, akaimega, akaimeza, ukabaki ukingo mwembamba mwekundu kama mdomo wa sufuria juu ya makaa. Kisha kioo kikazimika na kompyuta ikafa. Lakini macho sita yalikwisha kuona, na yangu mawili.

Séraphin akameza tonge lake. Akasimama, akalitoa taji kichwani kwa Kanku, akamvika upya kwa mikono miwili, polepole, kama inavyopaswa malkia.

"Ile thelathini nilipita juu yake mara kumi," akasema, "na sikuiona, sababu na mi naishi mu poste. Kaa mu kiti yako, dada." Basi likapiga honi, naye akatoka mbio, samaki mkononi, kofia akaisahau.

Hivyo anga la Diulu liliokolewa, saa saba na dakika tisa. Na ili wajao wasiulize kama ni kweli, waje kwangu watazame kabati la vyombo, mahali nilipobandika ratiba ya kazi ya mume wangu. Chini ya jina la Banza nimeongeza mstari mmoja: Malakiti, kila poste thelathini. Banza ameshachelewa mara mbili mwezi huu. Yule mwingine, bado.