Kibao Kilichomwita Bi Esha

Leo nimeaibika mbele ya wagonjwa wa zahanati ya Chaani, na mama yangu akiwa ameketi benchi la mbele.

Mwajua mimi ni fundi wa redio. Miezi miwili nimekuwa nikitengeneza kibao cha kuitia wagonjwa kwenye zahanati: vioo vitatu vidogo vya vijiti vya taa nyekundu vinavyounda namba, kimoja cha daktari, kimoja cha sindano, kimoja cha meno, vyote vikiendeshwa na chipu moja. Muuguzi akibonyeza, namba inabadilika.

Nilipochora bodi, njia za shaba za kioo cha sindano zilikuwa zikipishana. Nikakigeuza kioo juu chini, zikanyooka. (Nilijipongeza. Nikanywa chai.) Ilibaki kuiarifu chipu kwamba kioo kimegeuka. Nikasahau. Kupima nikapima kwa nane, kwa sababu nane huwasha taa zote. Nane ukiipindua ni nane.

Asubuhi tukawasha. Mama alikuwa ameshawaambia wote kwamba ni kazi ya bintiye. Kwenye sindano, namba moja akaingia, mbili akaingia. Ilipofika tatu, kioo kikaandika E.

Kisha Bi Esha, jirani yetu, aliyeshika namba nane, akajiinua taratibu akaingia. Muuguzi akamrudisha, akabonyeza tena. Nne ikatoka h. Hamisi na Halima wakasimama pamoja, wakabishana nani kaitwa. Tano ikaja sawasawa, hakuna aliyeiamini. Sita ikawa tisa. Saba ikawa L, na Lucas, aliyekuja kumsindikiza mkewe tu, akatafuta mlango wa nje.

Bi Rukia, msimamizi wa zahanati, akaja kuuliza fundi ni nani. Mama akaninyooshea kidole bila kunitazama.

"Mwanangu," akasema Bi Rukia, "majina ya watu umeyatoa wapi?"

"Si majina, Bi Rukia. Ni namba, zimepinduka."

"Basi zipindue."

Nikapanda kiti, nikakigeuza kibao kizima. (Wallahi sijui nilifikiri nini.) Sindano ikasomeka vizuri. Daktari alipofika tatu, ikatoka E kwake.

Bi Esha akasimama tena.

Bi Rukia akachomoa waya kwa mkono wake, akaanza kuita watu kwa mdomo.

Tulipofika nyumbani mama akaniuliza, kwa upole, kama cherehani, aliyotaka niishike tangu mwanzo, bado naiona kazi ngumu. Anayetaka kucheka na acheke, lakini afunge mlango kwanza.