Lenzi za Huruma

Daktari Kope hakuwa daktari, na jambo hilo halikuwahi kumkosesha usingizi. Aliwahi kufagia duka la miwani, akazoa na maarifa yaliyodondoka sakafuni, na alipofukuzwa aliondoka na koti jeupe, kurunzi ndogo na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Saa ya mkononi tu ndiyo ilikuwa halali yake. Aliachiwa na marehemu baba yake, na kwa kuwa hakuiiba, aliipenda kuliko vyote.

Alikuwa kwa kinyozi, povu shavuni, aliposikia wateja wakimsema Mheshimiwa. Soko lilikuwa limeungua. Mheshimiwa alifika, akapita katikati ya majivu na kina mama waliokuwa wakigaragara, akatazama kama mtu anayekagua kiwanja.

"Hata chozi moja," alisema kinyozi. "Kura yangu asahau."

"Jamaa macho makavu kweli," mwingine akadakia.

Wako watu wakisikia msiba husema pole. Daktari Kope alisikia biashara. Akamwomba kinyozi afanye haraka.

Jioni hiyo hiyo alikuwa amekaa sebuleni kwa Mheshimiwa, koti limepigwa pasi, na njiani alikuwa ameshaliona gari jeusi uani. Tangu azaliwe Daktari Kope alikwenda kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa vimechoka kumsitiri. Gari lile alilitaka kwa moyo wake wote, au kwa kile alichokuwa nacho mahali pa moyo.

"Tatizo lako si roho mbaya, Mheshimiwa. Ni ukame tu."

"Ukame?"

"Wa macho. Juu hapa, upande wa nje, kuna tezi. Hicho ndicho kisima. Kwenye kona ya pua kuna vitundu viwili, hiyo ni mifereji, ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi. Na kila ukipepesa, kope linatandaza machozi: ute chini, maji kati, mafuta juu yasikauke. Kioo cha mbele cha jicho hakina hata mshipa mmoja wa damu. Hewa yake inapitia kwenye machozi hayo hayo."

Yote hayo yalikuwa kweli. Mwongo hodari ni kama fundi mwashi, lazima atie saruji kidogo, la sivyo ukuta humwangukia mwenyewe.

Akachomoa kikaratasi chembamba, akakikunja ncha, akakitundika kwenye kope la chini. "Sasa fikiria soko."

Mheshimiwa akafikiria soko kwa bidii mpaka shingo ikamsimama. Karatasi ikalowa ncha tu.

"Hata kwenye msiba wa mama yake," alisema mke wa Mheshimiwa, aliyekuwa pembeni akishona kifungo cha shati, "ilibidi tumnunulie miwani ya jua."

Daktari Kope akafungua kikopo. Lenzi njema huelea juu ya machozi na mvaaji akaisahau. Zake zilitoka kwenye boksi la zilizokataliwa dukani: bapa mno kwa jicho lolote la binadamu, ukingo umeinuka, na kila kope likishuka linajikwaa. Jicho likichokozwa hivyo hufungulia bomba. Akambandika Mheshimiwa moja jicho la kulia, na kabla hajahesabu tatu machozi yakafika kidevuni.

"Hizi zinaitwa lenzi za huruma," alisema kwa unyenyekevu. "Unavaa dakika chache kabla ya hotuba, ukimaliza unavua."

"Bei yake?"

"Lile gari jeusi. Utanipa baada ya mkutano wako wa kampeni, ukishaona kazi yake."

Mheshimiwa alitazama dirishani, kule uani kwenye gari. Jicho la kulia lilikuwa bado linachuruzika, na la kushoto, ambalo halikuguswa, nalo likang'aa. Daktari Kope aliliona, akadhani jicho linamlilia mwenzake. Wakapeana mikono.

Mkutano ulikuwa wa kihistoria. Mheshimiwa alilia akipanda jukwaani, akalia akitaja walioathirika, akalia hata akitangaza kwamba soda zipo za kutosha. Kina mama waliounguliwa na kila kitu wakavua mitandio wamfute. Kinyozi alilia hadi akaomba kiti.

Kesho yake asubuhi Daktari Kope alikwenda kuchukua gari. Mheshimiwa alikuwa ameweka ufunguo mezani na kiganja juu ya ufunguo. Machozi yakamtoka.

"Marehemu mama alikuwa akikaa kiti cha mbele," alisema. "Alikipenda kile kiti, daktari. Nikikupa gari ni kama namzika tena."

Daktari Kope hakuwa mtoto wa jana. Akatazama kikopo cha lenzi pale mezani: lenzi zote mbili zilikuwa mle, zimelala kwenye maji yake. Akawasha kurunzi: macho meupe, hayana hata wekundu wa kuchokozwa, yanabubujika sawasawa, na pua nayo inatoa. Machozi haya hayakuwa na fundi. Mtu huyu alikuwa akilia kweli.

Katika maisha yake yote ya kuliza watu, Daktari Kope hakuwahi kukaa karibu hivi na uchungu wa kweli. Ulimshika vibaya. Akausukuma ufunguo kwa mwenyewe. Kilio hakikukoma, Mheshimiwa akawa anaeleza jinsi kampeni zilivyomkausha mfuko, na Daktari Kope, naye sasa kamasi zinamtoka, akavua saa ya baba yake akamvisha.

Getini alimkuta mke wa Mheshimiwa akianika shati.

"Amelia?"

"Amelia, mama. Nimemwachia gari. Na saa yangu nimempa."

Mama akamtazama kwa huruma, bila lenzi. "Pole, baba."

"Ni machozi ya kweli yale. Mimi ni mtaalamu."

"Najua ni ya kweli. Juzi nilimwomba pesa ya sabuni, alilia hivyo hivyo."

"Lakini nilimpima! Karatasi ililowa ncha tu."

"Ulimpima kabla hujataja bei."

Honi ikalia nyuma yake. Gari jeusi lilikuwa linatoka, Mheshimiwa kwenye usukani, macho makavu kabisa. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na katoni la mabango ya kampeni. Akashusha kioo, akainua mkono, akaitazama saa.

"Sogea kidogo, daktari," alisema. "Nimechelewa."