Mizimu Yote Isipokuwa Ozella

Jumatatu, 6 Mei

Kwako Ozella,

Wamepita tena. Kila siku jua likizama, yule binti Rourke mwenye gauni jeusi na kandili huleta kundi la watalii mtaani kwetu, kuwaonyesha nyumba za mji wetu wa Savannah zenye mizimu. Kwa jirani yetu Mungin wanasimama. Kwetu wanapita kama wanapita jalala.

Kwa Mungin! Eti kuna mzimu wa nahodha aliyezama baharini, hupanda ngazi akichuruzika maji. Nyumba ile ilijengwa mimi nikiwa darasa la nne. Niliwaokotea mafundi misumari. Nahodha alizamia wapi, kwenye bomba? Na Mungin, shemasi mzima wa kanisa, anakaa barazani akipunga mkono kama bwana harusi.

Yeye anatangaza asiyekuwepo. Mimi ninaye aliyekuwepo. Nimeamua: jina lako litatajwa katika matembezi yale.

Jumanne, 7 Mei

Nimejiunga nao. Nilivaa viatu vya kanisani. Kosa! Uwanjani tuliambiwa habari za homa ya manjano. Kwenye kona, mtu aliyenyongwa. Langoni, mabwana wawili waliopigana bastola kwa ajili ya farasi. Wote wana majina. Wote wanasikitikiwa na watalii kutoka Ohio wanaotafuna karanga za kuchemsha.

Tulipofika kwetu nikanyoosha mkono. Nikasema hapa aliishi mke wangu. Rourke akauliza kwa upole alikufaje. Nikasema figo, hospitalini, asubuhi, baada ya kuniambia nisisahau kutoa takataka. Watalii wakatazama viatu vyao. Rourke akasema pole sana, babu, ila hawa wamekuja kwa ajili ya wasiopumzika. Je, amewahi kurudi?

Nikasema ndiyo. (Nisamehe.) Akauliza huwa anafanya nini. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema anafunga friji.

Wakacheka. Kisha Mungin, kutoka barazani kwake: "Arudi vipi, jirani, na dari ya baraza umeiacha buluu? Si umemfungia nje mwenyewe!"

Sikula. Wali mwekundu umelala sufuriani.

Alhamisi, 9 Mei

Nani asiyejua? Dari ya baraza hupakwa buluu ili mizimu idhani ni maji, ishindwe kuvuka. Mama yako alipaka, nawe ukapaka kila masika. Sikuwahi kufikiri itakuja siku niwe na mzimu ninaoutaka. Na kama unakuja kila jioni, unaishia ngazini?

Nimepaka nyeupe. Dari yote, isipokuwa pale karibu na taa ulipoacha alama ya kidole gumba rangi ikiwa mbichi. Hapo nilishuka, nikasingizia goti.

Mungin akapita akasema sasa nimeifungulia mizimu ya mji mzima, je, nina vikombe vya kutosha?

Nimeacha mlango wazi jioni nzima. Ameingia paka wa Mungin.

Jumamosi, 11 Mei

Mpango mpya. Wanataka ishara? Watapata. Nilifunga uzi wa kuvulia samaki kwenye kiti chako cha kubembea, nikaupitisha dirishani, nikajificha nyuma ya pazia. Kundi likafika. Nikavuta. Kiti kikabembea! Mama mmoja akashika kifua. Raha ikanizidi, nikavuta tena, kwa nguvu. Kiti kikaporomoka ngazi zote, uzi ukanivuta, pazia likaja nami. Nikatokea barazani nimejifunika maua ya pazia.

Walipiga makofi. Rourke akauliza kama nimeumia. Mungin alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Kiti kimevunjika mkono mmoja. Ule wa kushoto, ulikokuwa ukitundika mkoba wako. Nitautengeneza.

Jumanne, 14 Mei

Nyigu! Nilisahau kwamba buluu ile hufukuza nyigu pia. Wameanza kujenga darini. Niliwaona asubuhi, nikasema nitawatoa kesho, leo nina shughuli. Shughuli yenyewe: nilimwomba Rourke asimulie ya nahodha akiwa amesimama barazani kwangu, eti nyumba ya Mungin inaonekana vizuri zaidi. Nia yangu ilikuwa nimchomekee maneno mawili kuhusu wewe. Akakubali. Akainua kandili karibu kabisa na dari. Nyigu akamuuma sikio akiwa katikati ya neno "mauti".

Wote wakakimbilia kwa Mungin, chini ya buluu yake. Akawapa chai baridi yenye sukari. Niliwasikia wakimwita mzee mkarimu!

Ijumaa, 17 Mei

Mungin kaja na mkebe wa rangi ya buluu. Nikamwambia aende zake. Nikamwambia nikiipaka hiyo nitakuwa nimekufungia nje wewe, Ozella. Akaweka mkebe chini.

"Lucius," akasema, "dari hiyo alipaka Ozella mwenyewe, hata ule mwaka aliokuwa hawezi kusimama vizuri. Alitaka nyumba iwe shwari. Amekupikia maisha yake yote, bado unataka arudi akufungie friji?"

Tukapaka. Anapaka vibaya sana.

Jioni Rourke alipita bila gauni wala kandili, sikio kama andazi. Akauliza Ozella alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema mvua ikianza alipunguza redio ili aisikie. Nikasema alikuwa akiwaita watalii waingie watumie choo, maana alisema wanatembezwa mbali na hakuna anayewafikiria. Rourke akacheka. Kisha akaomba maji.

Jumanne, 21 Mei

Umetajwa!

Nilikaa dirishani, mikono mapajani, sikuvuta kitu. Rourke akasimamisha kundi. Akasema hapa aliishi Ozella Grovner, aliyewafungulia wageni mlango watumie choo, bila kuombwa. Haonekani, hasikiki. Amepumzika, ndiyo maana hapa tunazima taa. Akaizima. Mwanamume mmoja akavua kofia. Mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama choo bado kipo.

Nikawafungulia. Walijipanga mpaka jikoni. Yule mama alipotoka alisema asante, akasema na Ozella pia asante.

Kisha wakaenda kwa Mungin. Wakakaa muda mrefu zaidi! Kwa nahodha wa uongo! Nimelitafakari jambo hili nikiosha sinki. Kasoro ni moja: wewe umetulia mno. Nyumba hii inahitaji mzimu wa pili, usiotulia, na mwenye sifa hizo ni mimi. Nimeanza mazoezi. Napita dirishani polepole na shati la kulalia, unga usoni. Mungin ameuliza kama naoka mikate. Kesho nitaongeza kuguna.

Kwa hiyo nikifa, usinisubiri chakula cha jioni. Nitakuwa kazini hapa dirishani. Nikumbuke tu.