Uzi kwenye Kioo cha Ndege

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Leo nimeona maajabu! Memsabu Eleni, Mgiriki mwenye shamba la kahawa tunalofanyia kazi, amerusha ile ndege yake isiyo na injini. Lori likaivuta kwa waya, ikapaa kama tiara, waya ukaachia, basi! Kimya. Akazunguka juu ya Moshi mpaka shingo ikaniuma kwa kuangalia. Mwanamke yule! Anaipinda ndege kwa upole, utadhani amembeba mtoto aliyelala.

Aliposhuka akatuambia mimi na Elimringi, kibarua mwenzangu, kwamba anataka kumfundisha mmoja wetu kurusha. Mmoja tu. Kila mtu atapewa zamu, atakayefanya vizuri ndiye. Mungu wangu! Mimi Sirili wa Kibosho, rubani! Elimringi wa Machame akafumba macho akajifanya anasali. Mnafiki.

Jumanne, 7 Septemba

Somo. Kwenye kioo cha mbele kuna kipande cha uzi wa sufu, mwekundu. Ncha moja imebandikwa, nyingine inapepea. Memsabu akasema uzi ukinyooka, ndege inakata upepo kwa pua. Ukilala upande, ujue mkono na miguu ya rubani havipatani: ndege inakwenda upandeupande kama mbwa akikimbia, upepo unaipiga ubavuni, na inaporomoka upesi. Elimringi akauliza maswali chungu nzima. Mimi hata moja. Nilishaelewa. Siri yote ni uzi kunyooka!

Jumatano, 8 Septemba

Zamu yangu ni kesho. Nimepika gundi ya unga wa ngano. Mke wangu Hilaria akauliza huo ni uji wa nani. Nikamjibu ni wa rubani. Akacheka mpaka akakaa chini. Acha acheke. Jioni nikajitolea kuosha kioo, nikaubandika uzi wote, mwanzo hadi mwisho. Umenyooka, utadhani umepigwa pasi. Elimringi atanitambua!

Alhamisi, 9 Septemba

Nipo hai.

Nilikaa mbele, Memsabu nyuma, kichwa changu kinamziba. Akaniachia usukani. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zote. Akauliza uzi unasemaje. Umenyooka, Memsabu! Akasema mbona anahisi anateleza kitini. Nikaapa umenyooka. Upepo ukaanza kuvuma ubavuni, migomba ikawa inakuja. Akauliza tena, safari hii kwa ukali. UMENYOOKA! Nikaona mpaka kuku uani kwa watu.

Akaninyang'anya ndege kwa usukani wake wa nyuma. Uzi hauoni, lakini kwa makalio tu (loh, ndivyo alivyoeleza mwenyewe!) akajua ndege imekaa upande gani. Akagusa pedali kidogo, kelele ikakoma. Ndege ikatulia, tukaambaa juu ya kahawa, tukatua kiwanjani salama. Nikampigia makofi. Fundi yule, jamani!

Kisha akaja mbele akaukwangua uzi kwa ukucha. Akanitukana kwa Kigiriki. Sikujua neno hata moja, na nilielewa yote.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimempelekea jani la isale. Huku kwetu mkosaji akikuletea isale, huwezi kumkatalia msamaha. Memsabu ameishi na Wachaga miaka mingi, anajua. Akalipokea huku amenuna. Akasema nina zamu moja tena, Jumatatu, na nikiharibu, basi ni Elimringi. Moyo alio nao mwanamke huyu! Nikaapa mbele yake kwamba uzi sitaugusa tena maishani.

Jumapili, 12 Septemba

Elimringi aliruka jana. Niseme kweli, aliruka vizuri, hata mimi nilisahau kumchukia kwa muda. Memsabu akampongeza mbele ya watu wote. Akasema mshale wa saa ya kimo, ile inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani, ulishuka polepole mno, hajawahi kuona mwanafunzi wa namna hiyo. Wivu ukanikaba.

Leo baada ya misa nimepita kuitazama saa hiyo. Kumbe kioo chake kinafunguka. Uzi nimeapa, na kiapo ni kiapo. Lakini mshale hakuna aliyeutaja. Nimechomeka njiti ya kiberiti chini yake.

Kesho hautashuka hata kidogo.