Vita Vyangu na Mabuti Meupe

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa tatu

Nimetukanwa. Hakuna aliyefungua kinywa kunitukana, lakini nimetukanwa!

Mimi, Alfani, mtu wa Kindu, mlinzi na msafishaji wa jengo hili la ghorofa tatu hapa Makiso, mjini Kisangani, tangu marehemu mwenye jengo alipokuwa bado na nywele! Leo binti yake, Madame Chantal, ameshuka kutoka Kinshasa pamoja na kijana mmoja. Anaitwa Héritier. Ana diploma ya usafi. Diploma! Ya kufagia! Anavaa glavu, na mabuti ya mpira meupe kama ya daktari.

Madame ametuambia kwamba jengo linahitaji mkuu mmoja tu. Jumamosi atatembelea kila kona, kisha atachagua. Atakayechaguliwa atapewa na chumba cha chini, nyuma ya ngazi. Chumba kipi? Changu! Ndimo ninamolala na mke wangu Nadège. Ndimo tulimolelea watoto wetu wote.

Mchana yule Héritier alimega kwanga yake, ule mkate wa muhogo, akanipa nusu. Papa, njo tukule, akasema. Papa! Mimi, mwenye mvi chache tu! Na kwanga ilikuwa tamu, jambo lililozidi kunikasirisha.

Jumanne, tarehe 10

Mpango wa kwanza. Safi kabisa! Jana Madame alitugawia kazi: ghorofa ya kwanza yangu, ya pili ya Héritier. Bon. Alfajiri nikatoka na ndoo, nikachota tope jekundu barabarani, nikalipaka kwenye korido ya ghorofa ya pili mpaka ukutani. Nikaongeza nyayo. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo namna ile.

Niliposhuka, Madame alikuwa ananitafuta. Akanieleza kwamba amebadilisha. Wapangaji wa ghorofa ya pili wamenizoea mimi, donc nitunze ya pili, Héritier atunze ya kwanza.

Siku nzima nimesugua tope langu mwenyewe! Héritier akaja na torchon yake, kitambaa cha kusugulia, kunisaidia, bila kuombwa. Akaniuliza ni mtu gani mwenye roho mbaya hivi. Nikamjibu kwamba Kisangani siku hizi imejaa watu wabaya. Nilisema kwa uchungu wa kweli.

Jumatano, tarehe 11

Wenye diploma wana sabuni za chupa. Sisi wengine tuna akili.

Nadège ana bidon ya mawese chini ya kitanda. Nikaichukua ili ning'arishe ngazi zangu. Akanifuata hadi mlangoni. Akanikumbusha kwamba ile mafuta ni ya kupikia pondu, haiko ya ngazi. Wanawake hawaoni mbali. Nilipomaliza, ngazi zilikuwa ziking'aa kama paji la uso la bwana harusi.

Maître Sébastien, wakili wa ghorofa ya pili, akatoka ofisini mbio, anachelewa mahakamani. Akakanyaga ngazi ya juu. Zilizobaki alizishuka akiwa amekaa. Alinipita bado ameshika mkoba wake, hatukupata hata nafasi ya kusalimiana. Suruali ya kijivu iligeuka rangi ya machungwa. Ameenda mahakamani juu ya toleka, baiskeli ya abiria, amekalia upande mmoja tu, anaapa kwamba mimi na yeye tutaonana.

Madame akashuka, akauliza nani amemwaga mafuta. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa mama muuza mawese aliyekosea mlango. Kabla sijaanza, Héritier akasema kwamba bidon ya mpangaji imepasuka, yeye atasafisha. Alinikingia kifua mbele ya watu wote! Nani alimtuma? Na uongo wenyewe haukuwa hata na chumvi.

Alhamisi, tarehe 12

Siafu. Wamefuata harufu ya mawese mpaka chini ya kitanda chetu. Nadège hasemi nami. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama juu ya kiti. Mwanaume wa umri wangu!

Jumamosi, tarehe 14

Mpango wa leo ulikuwa rahisi: mtu asiyeonekana hachaguliwi.

Juu kabisa ya jengo kuna terasi yenye tangi la maji. Mlango wake wa chuma hufungwa kwa komeo, upande wa ngazi. Mvua ya jana iliacha maji mengi kule, nikajua Héritier atapanda kuyafagia. Nikajificha chooni, ghorofa ya tatu. Mlango wa choo kile hauna ubao wa chini, kasoro niliyoilalamikia miaka na miaka bila kusikilizwa! Chini yake nikaona mabuti meupe yakipita, yakipanda. Nikayafuata kwa ncha za vidole. Nikavuta komeo. Klak! Nikashuka nikipiga mluzi, nikavaa shati la harusi yangu, nikasimama karibu na lango kumngoja Madame ashuke.

Aliyeingia kutoka barabarani ni Héritier. Miguuni ndala. Mkononi mkate.

Nikamuuliza mabuti yako wapi.

“Madame aliazima,” akajibu. “Kule juu iko maji mingi, papa. Hakutaka kulowesha viatu vyake.”

Akilini nikaona godoro letu barabarani, na Nadège amelikalia. Hapo hapo radi ikapiga. Mvua ya Kisangani haibishi hodi.

Nilipanda mbio kama mwizi. Nyuma ya chuma sauti ilikuwa inapasuka: “Fungula mulango! Weye Alfani! Fungula!” Nikafungua. Madame alikuwa ameloa chapachapa, nywele zake za bandia mkononi. Nikatangaza kwamba nimemwokoa, na kwamba upepo ndio uliofunga.

Akalitazama komeo. Akanitazama mimi.

“Upepo iko na vidole?” akauliza.

Swali lenyewe halikuwa la haki.

Amemchagua Héritier. Mimi akaniambia nitoke chumbani kabla jua halijazama. Nadège hakunigombeza. Alianza kufunga sufuria zake ndani ya kitenge, na hilo liliniuma kuliko ngumi.

Kisha tukamsikia Héritier mlangoni akimwambia Madame kwamba yeye analala kwa mama yake, kule Tshopo, chumba hakihitaji. Kwamba mtu anayejua kila bomba la jengo hili haokotwi njiani.

“Papa Alfani abakie, Madame. Bila yeye, mi sitaweza.”

Madame alikataa. Akaombwa tena. Akakataa kwa sauti ndogo zaidi. Mwishowe akasema sawa, lakini niwe msaidizi, na terasi nisiikaribie.

Msaidizi! Wa mtoto yule! Nadège alimshika Héritier mikono yote miwili, ndipo akalia. Mimi pia macho yaliniwasha. Ilikuwa javel ya kusafishia sakafu.

Jumapili, tarehe 15

Héritier ametualika kula kwao. Sikutaka. Nadège aliniambia nitaenda hata kwa kubebwa.

Mama yake, Mama Agathe, mtu wa Isangi, alipika samaki kwenye majani, na lituma ya ndizi za kuponda, laini ajabu. Akatusimulia kwamba mwanawe alifiwa na baba angali mdogo, na kwamba wiki hii amerudi nyumbani akisema Mungu amempa papa mwingine kazini. Nadège alinikanyaga mguu chini ya meza. Kweli, nilijisikia mtu mbaya. Nikaamua moyoni: vita vimekwisha. Nitamtunza yule kijana kama damu yangu. Niliamua kabisa!

Kisha Mama Agathe, akicheka, akasema kwamba mtoto wake, mkubwa vile alivyo, akiona mbwa hupanda juu ya meza.

Mbwa!

Rafiki yangu Franck, kule Simi-Simi, anafuga dume moja jeusi lisilopenda watu. Na jengo kama letu, kusema haki, linahitaji ulinzi. Hata Madame hawezi kulipinga hilo. Kesho mapema nitaenda kuliazima, kwa nia njema kabisa.