Herufi Sita za Madamu Laurence

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Madamu Laurence anafungua nyumba yake ya wageni Jumamosi. Jina: TULIZO. Anataka herufi nene za frigoliti, lile povu jeupe linalolinda televisheni ndani ya katoni, zikae ukutani nyuma ya mapokezi. Tumeomba kazi wawili: mimi, na Wellars wa Rugerero. Ijumaa atatazama herufi zetu na kuchagua. Wellars! Nilimfundisha jiografia miaka mitatu. Ziwa Kivu alilichora Uganda! Nikishindwa na huyo, mtaa wa Mbugangari sipiti tena mchana.

Jumanne, 9 Septemba
Nimekwenda kupeleleza. Nilijifanya nauliza afya ya mama yake. Akanikalisha, akanionyesha kila kitu bila kuombwa. Waya wa pasi mbovu, ukipashwa moto kwa betri, hupita ndani ya povu bila kuacha chembe. Rangi, akasema, iwe ya maji, kwa brashi. "Ile ya kopo, ya kupuliza, usiiguse, Mwalimu. Itakula herufi yote."
Nani humpa mshindani siri zake bure? Hakuna. Kwa hiyo yote ni mtego. Hii ni mantiki, na mantiki niliisomea.

Jumatano, 10 Septemba
Nimenunua makopo mawili ya rangi ya kupuliza. Dhahabu! Waya nimeukataa, nimetumia kisu cha viazi cha mke wangu, Kaltumu. Frigoliti hulia ikikatwa. Mbwa wa jirani aliitikia. Kaltumu akauliza kama U imetafunwa na mbuzi. Nikamweleza, kwa subira, kwamba kingo za namna hiyo huipa herufi uhai.
"Haya, Mzee. Lakini mi sitakula uhai mu sombe." Kweli, chembe zilikuwa zimejaa kwenye chungu cha kisamvu.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimepuliza. T ikatoa sauti, tsss, ikanywea. Nikadhani rangi haitoshi, nikaongeza. L imebaki kijiti. O ina matundu kumi na moja badala ya moja. Kaltumu alicheka hadi akashika ukuta.

Ijumaa, 12 Septemba
Madamu alizitazama sana. Akauliza kwa upole kama zimeungua njiani. Nilimweleza mtindo huu, asili yake na faida zake, dakika ishirini.
"Bon, Mwalimu. Wageni wangu wanakuja kupumzika, hawaji kuona ajali."
Kazi amepewa Wellars. Msikitini nimekwenda kwa njia ya nyuma.

Jumapili, 14 Septemba
Wellars amekuja kunipa pole, na ndizi mkononi. Eti, si aliniambia? Sasa nimeuona ubaya wake: alisema ukweli makusudi, akijua msomi hatauamini!
Akanipa habari ya duka la dawa linalotaka herufi. Nichukue mimi kazi hiyo, akasema, ila nisizibandike kwa utepe wa gundi. Kwenye ukuta wa rangi ya mafuta haushiki, zitawaangukia wagonjwa.
Nimefikiri mchana kutwa. Hanipati tena. Ukweli ameshautumia mara moja, hawezi kuurudia.
Nimenunua utepe mita kumi.